Pora wa bantamu ana rangi gani? Dalili za manyoya na sababu zake

Pora, yaani jogoo mchanga, wa bantamu wa miezi miwili na nusu amevaa makoti mawili au matatu ya manyoya kwa wakati mmoja. La utotoni bado limeng'ang'ania begani, la pili limeshajaa kifuani, na la kiume, lile atakalokaa nalo, linaanza kuchungulia shingoni. Ndiyo maana mtu hununua pora pale soko la Mgandini, Tanga, akiambiwa "huyu mweusi", na baada ya miezi mitatu analalamika kuwa amebambikiwa. Mara nyingi hakuna aliyemdanganya. Muuzaji alitaja rangi ya koti la siku ile.

Jambo jingine ni damu. Jina bantamu limetokana na bandari ya Banten, kisiwa cha Java, na mitaani kwetu linabeba kila kuku mdogo mwenye madaha: Pekin mwenye manyoya miguuni, Serama mwenye kifua mbele, na vibete wa kienyeji. Bantamu asiyeonyeshwa wazazi wake mhesabu chotara. Neno "pyua" (damu safi) la muuzaji halisaidii kusoma unyoya hata mmoja.

Jua unatazama koti la ngapi

Kifaranga huanguliwa akiwa na malaika, yaani vinyoya laini vya mwilini. Manyoya ya mbawa huchomoza ndani ya wiki ya kwanza, na ifikapo wiki ya 5 au ya 6 mwili umefunikwa. Koti hili ni laini, ncha zake ni za mviringo, na kuhusu jogoo atakayekuja halisemi mengi. Kuanzia wiki ya 7 hadi ya 12 hupukutika kidogo kidogo na jingine kuingia. Manyoya ya kiume huanza kuonekana kati ya wiki ya 10 na ya 14, na koti hukamilika kwenye mwezi wa tano hivi, kutegemea lishe na damu. Yale ya mkiani yaliyopinda kama mundu huchelewa kuliko yote.

Unyoya wa kiume unatambulikana kwa umbo: mrefu, mwembamba, ncha kali, unang'aa. Utafute shingoni, kisha kiunoni karibu na mkia. Ukiupata mmoja tu, ambao shina lake bado limo kwenye ala nyeupe, uamini huo kuliko mia ya zamani iliyouzunguka.

Kumshika na kumkagua

Mtoe bandani kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Kaa uani mahali penye mwanga lakini jua halipigi moja kwa moja. Usikae chini ya mwembe: majani hurusha ukijani kwenye manyoya meupe na ya kijivu. Taa ya bandani nayo hutia umanjano. Pitisha kiganja chini ya kifua, miguu ibane katikati ya vidole, mgongo uwe juu, halafu fuata mpangilio huu:

1. Bega, sehemu ya juu ya ubawa uliokunjwa. Wekundu wa kiume huanzia hapa.
2. Shingo. Inua manyoya kwa kidole gumba utazame na shina, usiishie kwenye ncha.
3. Kiuno.
4. Kifua. Ni cheusi kitupu, kina kingo, au kina rangi mbili?
5. Pembetatu ya chini ya ubawa uliokunjwa, pale ncha za manyoya makubwa zinapojipanga.
6. Malaika wa chini. Puliza kifuani manyoya yafunguke: ni wa jivu au wa maziwa?

Ukipiga picha ya kumtumia mnunuzi wa Dar, weka karatasi nyeupe pembeni mwa kuku. Simu hujirekebishia mwanga yenyewe, na bila karatasi hiyo, jogoo wa kijivu huweza kufika kwa mnunuzi akiwa kama wa samawati au wa kahawia.

Mweusi asiyedumu kuwa mweusi

Hili ndilo lalamiko kubwa, na chini yake kuna matatizo matatu yanayofanana kwa mbali tu.

La kwanza ni weupe. Kifaranga wa kuku mweusi huzaliwa na koo na tumbo la rangi ya maziwa, na koti lake la kwanza mara nyingi lina ncha nyeupe kwenye manyoya makubwa ya mbawa. Hiyo si kasoro. Ncha hizo huondoka na koti. Wiki ya 8 mwache. Lakini kama wiki ya 20 imepita na unyoya mpya bado unatoka na ncha nyeupe, hasa kifuani na shingoni, yaelekea una pora wa madoa. Madoa ya namna hii hurithiwa kwa kujificha: baba na mama wote lazima wawe wamebeba, hata kama wenyewe ni weusi watupu. Tena huongezeka kila kuku anaponyonyoka. Pora mwenye madoa mazuri na mengi akiwa na miezi sita anaweza kuwa mweupe kupita kiasi akifika miaka mitatu, kwa hiyo wa kuweka kwa ajili ya mbegu ni yule mwenye madoa machache sasa.

La pili ni dhahabu inayovuja. Wiki ya 8 pora ni mweusi tii. Wiki ya 14 shingoni kumetokea nyuzi za rangi ya shaba, wiki ya 18 bega limekuwa jekundu. Dada zake wamebaki weusi, na ndiyo maana mwenye kuku hushtuka. Sababu ni kwamba weusi aliurithi kwa mzazi mmoja tu. Mzazi wa pili ana rangi ya jogoo mwekundu wa kienyeji. Weusi wa upande mmoja hutosha kumfunika jike, lakini kwa dume huachia shingo, bega na kiuno pale homoni za kiume zinapoanza kuleta manyoya yenye ncha. Chakula hakitamrudisha. Ukitaka weusi watupu, dume huyu usimtumie. Dada zake nao, japo hawaonyeshi, wamebeba hali hiyo hiyo.

La tatu ni kutu. Hapa weusi unageuka kahawia, na swali la kuamulia ni moja: kahawia hiyo iko wapi? Funua ubawa. Kama ncha zilizo nje ni za kutu na sehemu zilizofunikwa na unyoya wa jirani bado ni nyeusi, ni jua. Kuku wa Tanga anayeshinda mchangani bila kivuli wakati wa kaskazi huchomeka hivyo, na atarudi kuwa mweusi akinyonyoka. Kama unyoya mpya, ule uliotoka juzi kwenye ala, umetoka ukiwa na kutu tangu shinani, basi tazama lishe na damu. Rangi nyeusi hutengenezwa kwa protini na kwa kimeng'enya kinachohitaji shaba, kwa hiyo pora anayekula pumba tupu anaweza kuotesha manyoya yaliyofifia.

Kuna pia weusi wa zambarau. Mweusi mzuri hung'aa kijani kama mgongo wa mende wa mnazi anapogeuzwa juani. Mwingine hutoa mistari ya zambarau. Mistari hiyo inaweza kuletwa na damu, au na misukosuko wakati unyoya unakua. Ukiikuta kwenye manyoya machache ya koti moja, subiri koti linalofuata kabla ya kumhukumu.

Bega limeota wekundu kabla ya kila mahali

Pora wa kahawia mwenye michirizi akitokwa na mabaka mekundu begani kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, huku kifua kikianza kuingiza manyoya meusi, umeshapata majibu mawili: ni dume, na anaelekea kuwa jogoo mwekundu mwenye kifua cheusi. Dada zake watakuwa na kifua cha rangi ya udongo wa chungu.

Ugumu unaanza kwa kuwa jogoo mwekundu mwenye kifua cheusi anaweza kutoka kwenye mizizi miwili. Mmoja ni ule wa kuku wa porini, ambao vifaranga wake wana mistari mgongoni. Mwingine ni wa ngano, ambao vifaranga wake wana rangi ya maziwa au manjano hafifu bila mistari. Madume wakikomaa unaweza kuwasimamisha pamoja usione tofauti. Hapo ndipo kupuliza kunapofaa: yule wa porini ana malaika wa jivu chini ya manyoya ya shingo na kiuno, wa ngano ana malaika weupe au wa maziwa. Ukiwachanganya bila kujua, madume watakuwa wazuri lakini matembe (majike machanga) watatoka rangi zisizoeleweka.

Halafu yuko pora wa fedha, ambaye shingo na kiuno vinatakiwa viwe vyeupe. Akitokwa na umanjano au wekundu, tenganisha sehemu mbili. Bega likiwa jekundu lakini shingo ni nyeupe safi hadi shinani, ni wekundu unaorithiwa kivyake, na hata pora wa fedha kamili huweza kuwa nao. Shingo nzima ikiwa na rangi ya nyasi kavu, hata chini palipofichika, ni fedha aliyebeba dhahabu. Jeni hii hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, ambapo jogoo ana nafasi mbili na jike ana moja. Jike wa fedha akipandwa na jogoo wa dhahabu, madume wote watakaoanguliwa ni fedha waliobeba dhahabu, na majike wote ni dhahabu. Kwa hiyo ukiwa na pora wa rangi ya nyasi, muulize muuzaji kuhusu baba. Ukiambiwa baba alikuwa mwekundu, huna haja ya kuendelea kutafuta.

Kijivu: bluu au lavenda?

Wafugaji wa kuku wa pambo huita bluu kile ambacho wengi wetu tungeita jivu la mkaa. Bluu na lavenda hufanana sana hadi wiki ya 12, na kabla ya hapo kubishana ni kupoteza muda. Baada ya hapo dume mwenyewe hujitaja. Pora wa bluu huingiza manyoya ya shingo, bega na kiuno yaliyokoza, karibu na weusi, huku kifua kikibaki kijivu na mara nyingine kila unyoya kuwa na ukingo mweusi. Pora wa lavenda ana kijivu kimoja, chepesi, kuanzia kichwani hadi mkiani, shingo haikozi. Manyoya yake mara nyingi ni dhaifu, na mkia huchelewa kujaa au huonekana umekatikakatika.

Kama umemkuta bado mdogo, acha kumtazama yeye, tazama ndugu zake wa mayai yale yale. Bluu kwa bluu hutoa, kwa wastani, robo weusi, nusu bluu na robo weupe wenye matone ya wino. Bluu kwa mweusi hutoa nusu kwa nusu. Mwenye matone kwa mweusi hutoa bluu watupu. Lavenda kwa lavenda hutoa lavenda watupu. Kwa hiyo kiota chenye ndugu wa matone ya wino ni kiota cha bluu. Kiota chenye weusi na vijivu tu kinaweza kuwa cha yoyote kati ya hizo mbili, hapo subiri shingo. Vifaranga sita hawatoshi kuhesabia robo, ingawa kila siku kuna anayejaribu.

Mweupe mwenye matone naye huchanganywa na mweupe aliyerithi weupe wenye nguvu kutoka upande mmoja. Wa matone ana vipande vya kijivu na vyeusi vya kila ukubwa, vingine hafifu kama wino uliomwagiwa maji. Yule mwingine ana madoa machache, madogo, meusi kabisa, kama mtu aliyerushiwa masizi.

Mweupe anayeingia umanjano

Anza na uchafu, maana ndio wa bei nafuu kuuondoa. Udongo mwekundu wa upande wa Pongwe na Muheza hushika manyoya meupe vizuri mno, na banda lililo karibu na jiko la kuni huleta masizi. Chukua unyoya ulioanguka, uoshe kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kipande, suuza mara mbili, kausha kivulini. Ukirudi mweupe, tatizo lilikuwa uani.

Usiporudi, funua ubawa kama ulivyofanya kwa kutu. Umanjano wa nje tu ni jua. Umanjano wa maziwa kwenye unyoya mpya peke yake ni mafuta ya kukua, nao huondoka unyoya ukikomaa. Mahindi ya njano na majani mabichi kwa wingi huweza kuongeza umanjano. Umanjano wa kutu kwenye bega na mgongo tu, kwenye manyoya yenye ncha, ni wekundu unaovuja chini ya weupe. Huo hautoki kwa sabuni wala kwa kubadilisha chakula.

Milia iliyofifia

Pora wa milia anayekuwa mweupe kuliko dada zake si mgonjwa. Milia nayo imekaa kwenye kromosomu ya jinsia: jike hupata dozi moja, dume anaweza kupata mbili, na dozi mbili hupanua mistari myeupe. Kifarangani alikuwa na baka kubwa jeupe kichwani lisilo na ukingo safi. La jike ni dogo na limekaa vizuri. Dume mwenye dozi moja huwa mweusimweusi kama jike, na mara nyingi yeye ni mtoto wa wazazi ambao mmoja tu ana milia. Milia ikikaa pamoja na bega jekundu na shingo ya majani makavu, usitafute ugonjwa: ni milia juu ya jogoo mwekundu.

Isipokuwa kama mistari yenyewe haina rangi. Kunjua ubawa uelekeze kwenye mwanga. Ukiona mistari myembamba inayopitisha mwanga, imekaa kimo kimoja kwenye kila unyoya, na manyoya yanakatikia hapo hapo, hiyo ni alama ya siku ambazo kuku alilala njaa, aliugua au alisafirishwa vibaya. Pima umbali wa mstari kutoka kwenye ncha ujue ulitokea mwanzo au mwisho wa ukuaji.

Dawa yake ni chakula cha wiki zijazo. Kwa kilo 10 za mchanganyiko wa pora anayeota manyoya: pumba za mahindi kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 2.5, dagaa waliosagwa kilo 1, na nusu kilo ya unga wa mifupa uliochanganywa na madini ya kuku kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hapo unapata protini ya asilimia 17 hadi 18. Dagaa wa pwani waonje kwanza. Wakiwa wa chumvi, waloweke, umwage maji, uwaanike upya. Chumvi nyingi huua kuku kabla manyoya hayajaota. Na kabla ya kulaumu lishe, tazama shina la manyoya karibu na tundu la haja: vigandamano vyeupe hapo ni mayai ya chawa, na chawa hufanya rangi yoyote ionekane chakavu.

Pora asiyeota ncha kali

Ana upanga mwekundu kichwani, anawika, vipi (miiba ya jogoo) vimeanza miguuni, lakini shingo na kiuno vina manyoya ya mviringo kama ya jike. Kama kila unyoya umezungushiwa ukingo mweusi juu ya dhahabu au fedha, fikiria damu ya Sebright, bantamu aliyetengenezwa Uingereza na Sir John Saunders Sebright mwanzoni mwa karne ya 19. Madume wake huvaa manyoya ya kike maisha yao yote, na chotara wake wengi hurithi hivyo. Kwa kuku huyu usingoje koti la kiume ndipo umsome. Soma ukingo: uwe mwembamba, mweusi, na umezunguka unyoya wote.

Ukishindwa kusubiri

Ng'oa manyoya manne yaliyokomaa: mawili begani, moja kifuani, moja shingoni. Vuta kwa haraka kuelekea linakolala. Usiguse lenye ala ya bluu au nyekundu shinani, hilo lina damu na likikatika wenzake watamdonoa. Baada ya wiki 2 hadi 3 mapya yanachungulia, na kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 yamekamilika, yakiwa ya koti linalofuata wakati mwili mwingine bado unajivuta. Jaribio hili halina maana kabla ya wiki ya 10, kwa sababu utaotesha utoto mwingine. Yale uliyong'oa yabandike kwa selotepu kwenye daftari: tarehe, umri kwa wiki, sehemu yalikotoka, na nambari ya pete ya mguuni. Mapya yakikomaa ng'oa moja la bega, libandike kando ya lile la kwanza, uyatazame yote mawili mlangoni saa 2 asubuhi.